Uteuzi wa Programu za Usanifu na Njia za Kikatio kwa Uchongaji Kamili wa Pande Tatu: Suala la Ufundi, Sera na Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Mashine za kuchonga zinazoongozwa kwa tarakimu, maarufu kwa kifupisho CNC, zinazidi kuingia katika karakana na vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki. Mashine peke yake, hata hivyo, haichongi chochote. Huhitaji programu ya kusanifu umbo na programu ya kupanga njia ambayo kikatio kitaifuata. Makala haya yanafafanua namna ya kuteua programu hizo kwa kazi kamili za pande tatu, yakitumia mfano wa nakshi za milango ya pwani na kazi za kukereza. Hoja kuu ni kwamba uteuzi mwema huanzia kwenye umbo linalokusudiwa, hupitia kwenye mashine iliyopo, na ndipo hufika kwenye programu. Aidha, makala yanaonyesha kuwa masharti ya leseni na uwazi wa istilahi ni vigezo vyenye uzito sawa na uwezo wa kiufundi, hasa pale ambapo fedha za umma zinatumika na wanafunzi wanatarajiwa kujiajiri baada ya masomo.

Istilahi muhimu: CNC, njia ya kikatio, kitafsiri cha mashine, leseni, istilahi za ufundi

1.0 Utangulizi

Historia ya mashine zinazoongozwa kwa tarakimu ilianza na tatizo la maumbo yaliyopinda. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, John T. Parsons wa Michigan, Marekani, alikuwa akishughulika na utengenezaji wa mapanga ya helikopta, kazi iliyodai mikunjo sahihi ambayo mkono wa fundi ulishindwa kuirudia bila kukosea. Mradi wake uliofadhiliwa na Jeshi la Anga la Marekani uliifikia Maabara ya Servomekanizimu ya chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ya kwanza ya aina hiyo ilionyeshwa hadharani. Muda si mrefu ilibainika kwamba ugumu mkubwa umehama kutoka kwenye chuma na kwenda kwenye lugha: nani angeiandikia mashine maelfu ya nukta za kufuata? Katika kulijibu swali hilo, MIT chini ya uongozi wa Douglas T. Ross ilibuni APT, lugha ya programu iliyomwezesha mtu kueleza umbo kwa maneno machache na kuiachia kompyuta ikokotoe nukta. Katika miaka ya 1960, huko Ufaransa, Pierre Bézier wa kampuni ya Renault aliendeleza hisabati ya mikunjo ambayo hadi leo ni uti wa mgongo wa programu nyingi za usanifu.

Mgawanyo huo wa kazi ungali hai. Programu ya usanifu, inayojulikana kwa kifupisho CAD, huunda umbo. Programu ya njia za kikatio, inayojulikana kwa kifupisho CAM, hulitazama umbo hilo na kuamua kikatio kipite wapi, kwa kina kipi na kwa mwendo gani. Baadhi ya bidhaa huziunganisha kazi hizo mbili katika programu moja, na nyingine huzitenganisha. Mnunuzi asiyetambua tofauti hiyo huweza kulipia umahiri wa kusanifu akidhani amelipia umahiri wa kuchonga.

Suala hili linawahusu watafiti wa lugha na washauri wa sera kwa sababu mbili. Kwanza, chuo cha umma kinapochagua programu, huchagua pia gharama atakazobeba mhitimu kwa miaka mingi ijayo. Pili, kila programu huja na msamiati wake, na msamiati huo ndio utakaogeuka kuwa lugha ya karakana, iwe ni Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili.

2.0 Maana ya Kazi Kamili ya Pande Tatu

Katika matangazo ya biashara, neno “pande tatu” hutumika kwa ulegevu. Kwa madhumuni ya uteuzi, ni vyema kutofautisha viwango vinne.

Kiwango cha kwanza ni kazi ya pande mbili: kikatio hufuata mstari juu ya ubao kwa kina kimoja, kama katika kukata herufi za kibao cha duka. Kiwango cha pili hujulikana kama pande mbili na nusu. Hapa kuna vina kadhaa, lakini kila sehemu ina sakafu bapa, na kikatio hubadili kina kisha hutembea katika usawa huo. Mifuko, matundu na viungo vingi vya samani viko katika kundi hili.

Kiwango cha tatu ni nakshi ya mwinuko. Uso wa kazi hupanda na kushuka kwa mfululizo, na mihimili yote mitatu ya mashine husogea kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kila nukta ya ubao ina kimo kimoja tu kikitazamwa kutoka juu. Nakshi nyingi za milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, na za Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa mwaka 2001, ziko katika kiwango hiki. Maua ya yungiyungi, minyororo na samaki vinavyochongwa kwenye miimo, kwenye kizingiti cha juu na kwenye mfaa wa katikati huonekana vyote kutoka mbele.

Kiwango cha nne ndicho kinachostahili kuitwa kazi kamili ya pande tatu. Hapa umbo lina sehemu zilizojificha chini ya nyingine au lina pande zisizofikika kutoka upande mmoja: mguu wa kiti uliokerezwa na kutiwa nakshi pande zote, kinyago, au kalibu ya kumiminia yenye kuta zilizoinamia ndani. Kazi hizi hudai mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni kuugeuza ubao na kuchonga upande wa pili. Ya pili ni kuongeza mhimili wa nne unaozungusha kazi kama kerezo. Ya tatu ni mashine ya mihimili mitano, ambayo huinamisha kikatio au kazi yenyewe.

Tofauti hii ndiyo msingi wa uamuzi wote unaofuata. Programu inayofaa sana kwa nakshi ya mlango huweza kushindwa kabisa mbele ya kinyago, kwa kuwa kwa ndani hulihifadhi umbo kama ramani ya vimo na haina mahali pa kuweka kitu kilicho chini ya kingine. Kinyume chake, karakana inayochonga milango peke yake haina sababu ya kulipia programu ya mihimili mitano.

3.0 Vigezo vya Kiufundi

3.1 Namna umbo linavyohifadhiwa

Programu za usanifu huhifadhi maumbo kwa namna kuu mbili. Namna ya kwanza ni hisabati ya nyuso na mango, ambapo duara hubaki duara hata likikuzwa mara elfu. Rhino, Fusion na FreeCAD hufanya kazi hasa kwa njia hii. Namna ya pili ni wavu wa pembetatu, ambapo kila mkunjo hukadiriwa kwa vipande bapa vingi. Blender, iliyokusudiwa hasa kwa sanaa na filamu, ni mfano wake mashuhuri, nayo humruhusu msanii kulifinyanga umbo kama udongo.

Kwa kipuri cha mashine, namna ya kwanza hufaa zaidi kwa sababu vipimo huweza kurekebishwa baadaye. Kwa uso wa mtu, jani au samaki, namna ya pili huwa nyepesi kwa mkono wa msanii. Karakana ya nakshi isishangae, basi, ikihitaji programu mbili.

Mafaili ya kubadilishana nayo hufuata mgawanyo huo. Muundo wa STEP, uliosanifiwa kama ISO 10303, hubeba umbo la kihisabati pamoja na vipimo vyake. Muundo wa STL, uliobuniwa na kampuni ya 3D Systems mwaka 1987, hubeba pembetatu pekee, na haubainishi kama kipimo ni milimita au inchi. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, faili la STL lililosomwa kwa kipimo kisicho chake hutoa kazi iliyokuzwa au kupunguzwa mara 25.4. Chuo kinachopokea michoro kutoka nje kinahitaji programu inayosoma miundo yote miwili, na mwalimu anayewafundisha wanafunzi kupima umbo kabla ya kulichonga.

3.2 Mikakati ya kuchonga

Uchongaji wa pande tatu hufanyika kwa awamu. Uchongaji wa awali huondoa sehemu kubwa ya mti kwa kikatio kinene, kama tezo inavyotangulia. Uchongaji wa kumalizia hufuata kwa kikatio chenye ncha ya mviringo, kinachopita mistari mingi iliyokaribiana. Kati ya mstari na mstari hubaki tuta dogo. Umbali kati ya mistari, unaoitwa hapa hatua ya kando, ndio unaoamua kimo cha tuta hilo. Kwenye uso bapa, kimo cha tuta hukaribia kipeo cha pili cha hatua ya kando kikigawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kikatio.

Mfano wa tarakimu utadhihirisha uzito wa jambo hili. Chukua kipande cha mlango cha milimita 400 kwa 400, kikatio chenye kipenyo cha milimita 6, na mwendo wa milimita 2,000 kwa dakika. Hatua ya kando ikiwa milimita 1.2, tuta hubaki na kimo cha milimita 0.06, na kikatio hutembea takriban mita 133, yaani dakika 67 hivi. Hatua ikipunguzwa hadi milimita 0.6, tuta hushuka hadi milimita 0.015 lakini muda hupanda hadi dakika 133. Hatua ya milimita 0.3 hutoa tuta la takriban milimita 0.004 kwa dakika 267. Kila hatua inapopunguzwa kwa nusu, muda huongezeka maradufu na tuta hupungua kwa robo tatu. Katika mti utakaopigwa msasa, saa mbili na zaidi zinazoongezwa na hatua ya mwisho hazina faida yoyote inayoonekana.

Hesabu hiyo ni ya uso bapa. Mistari sambamba inapopita kwenye mteremko ulioikatiza, umbali halisi juu ya uso hurefuka. Kwenye mteremko wa digrii 60 umbali huo huwa maradufu, na tuta huwa kubwa mara nne. Ndiyo maana nakshi iliyochongwa kwa mkakati mmoja hutoka laini mgongoni na yenye ngazi ubavuni. Programu bora humpa fundi mikakati kadhaa: mistari sambamba kwa sehemu za ulalo, mistari ya usawa mmoja wa kimo kwa kuta zilizosimama, na mistari inayolinganisha tuta katika uso wote.

Jambo la mwisho katika kigezo hiki ni pembe za ndani. Kikatio chenye nusu kipenyo cha milimita 3 hakiwezi kuingia katika bonde lenye mviringo mdogo kuliko huo. Mchongaji wa mkono angeiweka kando bobari pana na kushika nyembamba. Programu inayofaa hufanya vivyo hivyo: hukokotoa mahali ambapo kikatio kinene kimeacha mabaki, kisha hukituma kikatio chembamba huko pekee. Programu isiyo na uwezo huo hukilazimisha kikatio chembamba kupita kazi nzima upya, na saa moja hugeuka kuwa siku.

3.3 Kitafsiri cha mashine

Njia ya kikatio ikishakokotolewa, hubaki kuandikwa katika msimbo unaoeleweka na mashine husika. Msimbo huo, unaoitwa msimbo wa G, ulisanifiwa kimataifa kama ISO 6983. Amri kama G0 ya kusogea upesi, G1 ya kukata kwa mstari ulionyooka na G21 ya kutumia milimita hufahamika karibu kila mahali.

Wanaisimu watakitambua mara moja kinachotokea baada ya hapo. Kiswahili kilisanifiwa kwa msingi wa Kiunguja chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, lakini Kimvita, Kiamu na Kingwana viliendelea kusemwa. Hali kadhalika, kiwango cha msimbo wa G kipo, na kila mtengenezaji wa mashine ana lahaja yake. Mmoja hutaka tao lielezwe kwa kitovu chake, mwingine kwa nusu kipenyo. Mmoja hutii amri M6 ya kubadili kikatio, mwingine haitambui. Mfumo huria wa Grbl, unaotumika sana kwenye mashine ndogo, katika umbo lake la kawaida hutawala mihimili mitatu tu, ilhali LinuxCNC, wenye asili yake katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutawala mihimili mingi zaidi.

Sehemu ya programu inayoyageuza maelezo ya jumla kuwa lahaja ya mashine fulani ndiyo inayopendekezwa hapa kuitwa kitafsiri cha mashine. Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika zaidi katika zabuni. Programu yenye sifa zote njema lakini isiyo na kitafsiri cha mashine iliyopo ni sawa na mhadhiri mahiri asiye na lugha moja na wanafunzi wake. Tofauti ni kwamba hapa kutoelewana huishia kwenye kikatio kilichovunjika au meza iliyotobolewa. Ni busara kuulizia kama kitafsiri kipo, kama kimejaribiwa, na kama fundi wa chuo anaruhusiwa kukirekebisha.

3.4 Uigaji

Programu inapaswa kuonyesha kwenye skrini kazi itakavyochongwa kabla mti haujaguswa. Uigaji wa kiwango cha chini huonyesha mistari pekee. Ule bora huonyesha mti ukipungua, kishikio cha kikatio, na jiriwa au vibano vinavyoshika kazi, kisha hutoa onyo pale vinapogongana. Kwa mihimili mitatu uigaji ni akiba ya mti. Kwa mihimili mitano ni sharti la usalama, kwa kuwa macho ya fundi hayawezi kutabiri mielekeo yote ya kichwa cha mashine.

4.0 Programu na Masharti ya Leseni

Katika kundi la nakshi za mbao, bidhaa za kampuni ya Uingereza ya Vectric zimeenea. VCarve huweza kuingiza umbo lililotengenezwa kwingine na kulipangia njia, na Aspire huongeza uwezo wa kulifinyanga umbo lenyewe. Zote mbili huweza kuizungushia nakshi kazi iliyo kwenye mhimili wa nne, lakini hazikukusudiwa kwa mihimili mitano. Leseni yake hununuliwa mara moja na kubaki mali ya mnunuzi, na programu huendeshwa kwenye Windows.

Fusion ya kampuni ya Autodesk huunganisha usanifu na njia za kikatio, nayo hufika hadi mihimili mitano. Leseni yake ya kibiashara hulipiwa kwa muda, si mara moja. Wanafunzi na walimu hupewa leseni ya elimu bila malipo, kwa sharti la kutoitumia kibiashara. Ipo pia leseni ya matumizi binafsi, ambayo tangu mwaka 2020 imewekewa mipaka: nyaraka 10 tu zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja, na kuondolewa kwa mwendo wa upesi, ubadilishaji wa vikatio wa kujiendesha na uchongaji wa mihimili mingi. Rhino ya kampuni ya McNeel hununuliwa mara moja, lakini kwa kazi ya njia za kikatio huhitaji nyongeza kama RhinoCAM. Kwa kalibu na vipuri vigumu vya mihimili mitano, viwanda hutumia pia Mastercam, hyperMILL na PowerMill.

Katika upande wa programu huria, FreeCAD ilifikia toleo la 1.0 mwezi Novemba 2024. Uwezo wake wa usanifu na wa kazi za pande mbili na nusu ni mpana. Njia zake za nyuso za pande tatu hutegemea maktaba ya OpenCAMLib, na mikakati yake bado ni michache ikilinganishwa na ya programu za kibiashara. Blender nayo ni huria, na hupata uwezo wa njia za kikatio kupitia nyongeza iliyoanza kwa jina la BlenderCAM. CAMotics ni kiigaji huria kinachosoma msimbo wa G uliotoka katika programu yoyote.

Mshauri wa sera anapaswa kuisoma leseni kwa jicho la mhitimu. Tuseme chuo kinafundisha kwa leseni ya elimu isiyo na malipo. Gharama ya chuo ni sifuri, na ripoti ya mwaka itaonyesha akiba. Mwanafunzi, hata hivyo, akifungua karakana yake hana haki ya kuendelea na leseni ile. Atalazimika kulipa ada inayojirudia, kujifunza programu nyingine upya, au kutumia nakala ya wizi inayomweka nje ya sheria. Gharama haikuondolewa, ila imesogezwa kutoka bajeti ya serikali hadi mfukoni mwa kijana. Chuo kinaweza kuiepusha hali hiyo kwa kufundisha misingi katika programu mbili, moja ya kibiashara na moja huria, na kuweka sharti kwamba kila mwanafunzi ahifadhi kazi zake katika miundo ya wazi kama STEP. Mafaili yaliyofungwa ndani ya programu moja, au kwenye hifadhi ya mbali inayohitaji akaunti hai, hugeuka kuwa mateka ada inapokatika.

5.0 Suala la Lugha na Istilahi

Mazingira ya kisera yanaruhusu hatua mpya. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unakitambua Kiswahili kama lugha ya mawasiliano mapana inayopaswa kuendelezwa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, fundi aliyesomea Bukavu huzijua sehemu za mashine kwa Kifaransa, na wa Kampala kwa Kiingereza. Wakikutana katika karakana moja mjini Kigali au Mombasa, huzungumza Kiswahili kuhusu kila kitu isipokuwa kazi iliyo mbele yao.

Athari ya pengo hilo si ya kinadharia. Mfano ulio wazi ni neno “kasi”. Katika msimbo wa G kuna namba mbili zinazotofautiana kabisa: herufi S hubeba idadi ya mizunguko ya kikatio kwa dakika, na herufi F hubeba mwendo wa kikatio kikipita ndani ya mti. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, zote mbili huitwa “kasi” au “spidi”. Kwa kikatio cha makali mawili kinachozunguka mara 18,000 na kwenda milimita 2,000 kwa dakika, kila kali hung’oa unga wenye unene wa takriban milimita 0.056. Mwanafunzi aliyeambiwa “punguza kasi” na akapunguza mwendo badala ya mzunguko hulifanya kali lisugue badala ya kukata, na mti huungua. Akipunguza mzunguko pale alipotakiwa kupunguza mwendo, kila kali hulazimika kung’oa kipande kinene kupita uwezo wake, na kikatio huvunjika. Katika hali zote mbili, aliyetoa amri na aliyeipokea walikuwa wasemaji wazuri wa Kiswahili.

Makala haya yanapendekeza kwamba istilahi za fani hii ziundwe kwa kuanzia kwenye msamiati ambao maseremala na wakerezaji tayari wanao, kabla ya kukopa. Kiswahili kina “kuchonga”, “kukereza”, “nakshi”, “tezo”, “randa”, “patasi”, “bobari”, “keekee” na “jiriwa”. Kwa msingi huo, yafuatayo yanaweza kujadiliwa: “njia ya kikatio” kwa mstari unaofuatwa na ncha, “kasi ya mzunguko” kwa namba ya S na “mwendo wa kikatio” kwa namba ya F, bila kuruhusu neno “kasi” kusimama peke yake, “hatua ya kando” kwa umbali kati ya mstari na mstari, “tuta” kwa mabaki yaliyo kati yake, “uchongaji wa awali” na “uchongaji wa kumalizia” kwa awamu mbili za kazi, “kitafsiri cha mashine” kwa sehemu inayoandika lahaja ya mashine, na “uchongaji wa kukereza” kwa kazi ya mhimili wa nne. Neno la mwisho lina faida ya pekee, kwa kuwa mkerezaji yeyote wa pwani ataielewa dhana yake kabla ya kuiona mashine.

Uteuzi wa programu unaigusa kazi hii moja kwa moja. Programu za kibiashara hutafsiriwa kwa uamuzi wa mwenye kampuni, na uamuzi huo hufuata soko. Programu huria kama FreeCAD hutafsiriwa na jumuiya ya watumiaji wenyewe, na mtu yeyote mwenye ujuzi wa lugha na wa fani anaweza kushiriki. Kwa vyombo kama Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, hii ni fursa ya kuzijaribu istilahi ndani ya zana hai badala ya kuziacha katika orodha zisizosomwa na mafundi. Istilahi iliyo kwenye kitufe kinachobonyezwa kila siku hukubaliwa au kukataliwa upesi, na watafiti hupata ushahidi wa matumizi.

6.0 Mapendekezo kwa Vyuo na Watunga Sera

Kutokana na mjadala uliotangulia, utaratibu wa uteuzi unaweza kufupishwa katika hatua tano. Kwanza, chuo kiorodheshe kazi halisi zitakazochongwa katika miaka mitatu ijayo na kuzipanga katika viwango vinne vilivyoelezwa katika sehemu ya 2.0. Pili, kithibitishe idadi ya mihimili ya mashine iliyopo au itakayonunuliwa kwa uhakika, na kisilipie uwezo ambao mashine haina. Tatu, kabla ya zabuni kufungwa, kila programu inayoshindanishwa ipewe kazi moja ileile, kwa mfano ua la yungiyungi lenye mabonde membamba, na iandike msimbo utakaochongwa kwenye mashine ya chuo yenyewe. Muda, ubora wa uso na usahihi wa kitafsiri vilinganishwe. Nne, leseni isomwe kwa niaba ya mhitimu na si ya chuo pekee. Tano, mwongozo wa mafunzo uandikwe kwa Kiswahili chenye istilahi zilizokubaliwa, hata kama programu yenyewe iko katika lugha nyingine.

Kwa karakana ya milango yenye mashine ya mihimili mitatu, utaratibu huu utaelekeza kwenye programu ya nakshi ya mwinuko, au kwenye muungano wa Blender na FreeCAD pale ambapo walimu wana muda wa kujifunza zaidi na fedha ni haba. Kwa karakana ya samani yenye mhimili wa nne, uwezo wa uchongaji wa kukereza utakuwa kigezo cha kwanza. Kwa chuo kinachotengeneza kalibu kwa mihimili mitano, programu ya kibiashara yenye uigaji kamili wa mgongano ni hitaji lisilokwepeka, na gharama yake ihesabiwe ndani ya bei ya mashine tangu mwanzo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hakuna programu moja iliyo bora kwa kazi zote za pande tatu. Iliyopo ni programu inayolingana na umbo, mashine, leseni na lugha ya mahali fulani. Vigezo viwili vya kwanza hushughulikiwa na wahandisi, na kwa kawaida hushughulikiwa vizuri. Viwili vya mwisho huachwa bila mwenyewe, ilhali ndivyo vinavyoamua kama mhitimu ataendelea kuchonga baada ya kukabidhi ufunguo wa maabara. Inapendekezwa kwamba kamati za ununuzi wa vifaa katika vyuo vya ufundi vya kanda zijumuishe mtaalamu wa istilahi pamoja na mhandisi, na kwamba orodha ya pamoja ya istilahi za uchongaji wa tarakimu ianze kuandaliwa, “kasi ya mzunguko” na “mwendo wa kikatio” zikiwa za kwanza kutenganishwa.